Usiulaumu Mkono wa Mpigaji

Desemba, bonasi ya chai ikishalipwa, Sigowet haina Jumamosi iliyo tupu. Huku koito, sherehe ya uchumba, kule harusi, na kanisani kuna harambee ya mabati. Bendi zinakodiwa kutoka Sosiot, Kapkatet, Litein na hata Sondu, na gitaa moja hupita mikononi mwa wapigaji watatu wanne kwa siku. Nyuma ya majukwaa hayo yote nimesikia kauli moja ikirudiwa na wakongwe wa muziki, walimu wa kwaya na vijana wanaojifunza: mpigaji hodari hababaishwi na mahali swichi ilipo. Gitaa ni vidole. Anayelalamikia nobu hajui kupiga.

Nimepiga gitaa la solo katika shughuli hizo kwa miaka mingi, na nimefungua magitaa mengi kwa bisibisi. Kauli hiyo nimeisikia kiasi cha kutosha, na naiona ni ya makosa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Imewafundisha vijana wetu kuficha kasoro ya chombo ndani ya mwili wao. Imewagombanisha na watu wa mikisa, wale wanaoendesha mitambo ya sauti. Imefanya solo zetu zizame pale hasa zinapotakiwa kupanda.

Niieleze kwanza kama wanavyoieleza wenyewe, tena kwa nguvu zake zote, maana wanaoishikilia si wajinga. Wanasema mkono huzoea chochote: mwaka mmoja ukipita, kidole kinaijua swichi bila jicho kuangalia. Wanasema mpangilio uliopo ulibuniwa na watu waliojua kazi yao, na umedumu miaka sabini kwa sababu unafaa. Wanasema muziki wetu, tofauti na ule wa Wazungu, hauhitaji kubadilisha sauti katikati ya wimbo. Mwisho wanasema kutoboa gitaa ni kuliua, na bei yake hushuka. Na wana mashahidi wazito. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et walivuma nchi nzima ya Wakipsigis kwa vyombo vya zama zao. Sahani nyingi za santuri zilizotoka katika duka la Chandarana mjini Kericho, za Wakipsigis na za Waluo, hazikuwahi kumpa msikilizaji sababu ya kuuliza swichi ilikuwa wapi. Ukiwabana zaidi, watakutajia Jimi Hendrix, aliyegeuza juu chini gitaa la mkono wa kulia na bado akaitikisa dunia.

Nayajibu madai hayo moja baada ya jingine.

La kwanza: kwamba mkono huzoea

Ni kweli mkono huzoea. Swali ni unazoea nini, na kwa gharama gani.

Chukua gitaa lenye umbo la Stratocaster, ambalo ndilo limejaa kwetu, mengi yakiwa ya kuiga. Nobu ya volyumu iko karibu mno na uzi wa kwanza, mahali ambapo mpigaji anayechokoa kwa vidole hupenda kutegemeza kidole chake cha mwisho. Swichi ya kuchagua pikapu, zile zinazonasa sauti ya nyuzi, iko papo hapo, chini ya mkono unaoshuka. Mpigaji anapochangamka, kidole kinaisugua volyumu. Inarudi nyuma kidogo, kisha kidogo tena. Sauti haikatiki ghafla ili mtu agundue. Inafifia polepole, na ule ukali wa juu ndio unaotangulia kutoka.

Yalinikuta katika harusi moja, bwana harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia. Nilisikia solo yangu ikididimia nikaamini kijana wa mikisa amenishusha. Nilimfokea mbele ya watu. Aliniinulia mikono, akanionyesha kwamba nobu yangu pale mezani haijaguswa. Wimbo ulipokwisha ndipo nilipoiangalia volyumu ya gitaa: ilikuwa imeshuka karibu nusu. Nilimwomba radhi yule kijana, lakini bwana harusi alikuwa ameshaketi, na wimbo wa kumwingiza ulikuwa umekwisha.

Baada ya hapo nilianza kuwaangalia wenzangu mikono. Karibu kila mpigaji wa gitaa la aina hiyo amejifunza kujilinda. Mmoja hukunja kidole cha mwisho ndani ya kiganja muda wote, na jioni kinamuuma. Mwingine hurudisha mkono nyuma hadi karibu na daraja ili aiepuke swichi, na kwa kufanya hivyo sauti yake inakuwa nyembamba, maana uzi ukipigwa karibu na daraja hautoi unene. Halafu watu husema, "Huyu ana mtindo wake." Mtindo huo umezaliwa na woga wa kugusa nobu.

Na huu ndio mgongano ninaotaka wenye kauli hii waujibu. Kagua magitaa yao wenyewe. Utakuta swichi imefungwa kwa selotepu isisogee. Utakuta nobu ya volyumu imeng'olewa, umebaki mti wake tu, ili kidole kisipate cha kusukuma. Nimewaona hata waliobana kipande cha karatasi chini ya nobu ili iwe nzito kuzunguka. Mtu anayeamini kwamba mahali pa swichi si kitu, selotepu ni ya nini?

Kuna jambo zito zaidi. Kuzoea kunadai chombo kilekile kila siku. Kwetu mpigaji wa kanisani hukuta gitaa la kanisa, kesho yake analipiga la bendi, Jumamosi anaazima la rafiki. La kwanza lina swichi chini, la pili lina swichi juu begani, la tatu lina nobu nne. Hendrix alikuwa na mpangilio mmoja katika magitaa yake mengi, na kwa kuligeuza gitaa, ile volyumu inayokaa chini ya kidole cha mwisho cha mpigaji wa mkono wa kulia ilikwenda juu, upande wa kigasha. Aliondokewa na kasoro hiyohiyo ninayoilalamikia. Hawezi kuwa shahidi wao.

Tena, hapa Sigowet tunajua vizuri kabisa kwamba chombo hupangwa kufuata mwili. Hakuna anayemwambia mchuma chai atundike kikapu kifuani kisha azoee. Kikapu kinakaa mgongoni ili mikono yote miwili iwe huru kufuata majani mawili na kichipukizi, na kiganja kikijaa majani hurushwa nyuma ya bega bila kugeuka. Angekaa mtu ofisini akaamua kikapu kije mbele, wachumaji wangezoea, ndiyo. Kilo zao jioni zingeonyesha walichozoea.

La pili: kwamba waliobuni walijua

Hapa heshima imezidi ujuzi. Leo Fender, aliyetoa Telecaster na Stratocaster huko Fullerton, California, alikuwa fundi wa redio. Gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Aliwapa wanamuziki wa eneo lake wajaribu, akasikiliza, akarekebisha. Wale walipiga muziki wao wa dansi wa magharibi mwa Marekani, na mahitaji yao ndiyo yaliyoingia katika mbao. Hakukuwa na mtu wa benga, muziki wetu wa gitaa, katika chumba kile, na hilo si kosa lao. Kosa ni letu tunaposoma maamuzi yao kama maandiko.

Maamuzi yenyewe hayakuwa thabiti. Stratocaster ilipotoka 1954 ilikuwa na swichi ya nafasi tatu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiibana swichi katikati ya nafasi mbili unapata pikapu mbili kwa pamoja, na sauti tamu ambayo haikukusudiwa. Wakawa wanaibana kwa vidole, na ikiteleza wanairudisha. Kiwanda kilichukua hadi 1977 kuweka swichi ya nafasi tano. Miaka ishirini na mitatu! Katika mpangilio huohuo wa awali kulikuwa na nobu mbili za toni, na wala moja haikuihudumia pikapu ya darajani, ambayo ndiyo yenye ukali kuliko zote na ndiyo inayohitaji kulainishwa. Telecaster nayo, kuanzia 1952 hadi 1967, ilitengenezwa bila nafasi ya kupiga pikapu zote mbili pamoja. Leo mpigaji yeyote wa ridhimu atakwambia nafasi hiyo ya kati ndiyo anayoishi nayo.

Upande wa Gibson, kiwanda kingine cha magitaa, ni vivyo hivyo. Les Paul ya 1952 iliweka swichi juu begani, mbali na mkono unaopiga, na nobu nne chini. Mwaka 1961 kiwanda kilekile kilipolibadilisha umbo gitaa hilo, likawa lile linalojulikana sasa kama SG, swichi ikateremshwa hadi jirani ya nobu. Ikiwa mahali pa kwanza palikuwa sahihi, kwa nini pakaachwa? Tena katika magitaa hayo ya nobu nne, ukiweka swichi katikati ili pikapu zote mbili zilie, kisha ukafunga volyumu ya moja, zote mbili hunyamaza. Wapigaji wengi kwetu wamewahi kudhani gitaa limekufa jukwaani kwa sababu hiyo.

Na wale mabingwa wanaotajwa kama mfano wa kutojali vyombo, ndio waliokuwa wa kwanza kuvifumua. Brian May alijitengenezea gitaa na baba yake, kila pikapu akaipa swichi zake za kuiwasha, kuizima na kuigeuza. Eddie Van Halen aliunganisha gitaa lake mwenyewe, akaondoa karibu kila kitu, akabakiza nobu moja tu. Mmoja aliongeza, mwingine alipunguza. Wote wawili waliutazama mkono wao kwanza.

Sisi nasi tuna urithi wa namna hiyo, ingawa hatuutaji. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipopita Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi, alikuta wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika milimani huku. Wazee wetu walisikia gitaa la mgeni, wakabadilisha jina la mwimbaji ili litamkike, wakaimba kwa kufuata chepkong'o, kinubi chetu. Hawakungoja ruhusa ya kiwanda. Mjukuu wao leo anaogopa kuhamisha waya mbili.

La tatu: kwamba muziki wetu hauhitaji swichi

Hili ndilo dai linaloniuma zaidi, kwa sababu ni la watu wanaojiita walinzi wa muziki wetu, na linauonyesha muziki huo kuwa maskini kuliko ulivyo.

Sikiliza wimbo wowote wa benga, uwe wa upande wa Sondu kwa Waluo au wa huku juu kwa Wakipsigis. Una sehemu mbili. Kwanza kuna kuimba, na solo hapo hutembea chini ya sauti ya mwimbaji, ikimjibu mwishoni mwa mstari bila kumkanyaga. Kisha mwimbaji ananyamaza, besi inabana, ridhimu inakaza, na solo inatoka mbele. Watu walioketi husimama hapo. Hiyo ni kazi mbili tofauti kwa gitaa moja, na mpigaji ana muda mfupi mno wa kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Tuseme wimbo unakwenda kwa mapigo 130 kwa dakika. Mapigo manne ya kuvukia hayafiki sekunde mbili. Katika sekunde hizo kidole kinapaswa kutoka kwenye nyuzi, kufika kwenye swichi au volyumu, kufanya kazi yake na kurudi.

Nani mwingine atamfanyia? Kijana wa mikisa yuko nyuma ya watu mia tatu, na mara nyingi anamtafuta mshereheshaji aliyepotea na maikrofoni. Pedali za mguuni wengi hawana. Aliyebaki ni mpigaji na vile vinobu vyake.

Tukumbuke pikapu ni nini. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara, na uzi wa chuma ukitikisika juu yake unazaa umeme mdogo. Iliyo karibu na shingo husikia uzi pale unapotikisika kwa upana, kwa hiyo sauti ni nene na ya duara. Iliyo karibu na daraja husikia uzi pale unapotikisika kidogo, na zile sauti ndogo za juu zinajitokeza, kwa hiyo ni kali na inapenya. Solo ikiachwa kwenye pikapu ya shingo wakati wa kilele inalala juu ya ridhimu na besi, na spika za kukodi humeza zote tatu kama uji. Ikiachwa kwenye ya darajani wakati wa kuimba inamchoma mwimbaji. Anayesema muziki huu ni wa sauti moja ameuzoea kuusikia ukipigwa na watu wasioweza kuifikia swichi.

Na mashahidi wao wa Chandarana? Studio na uwanja wa koito ni mahali pawili. Studioni unaweza kurudia, gitaa liko mbele ya maikrofoni yake, na mtu mmoja ana kazi ya kusikiliza tu. Koito haina kurudia. Zaidi ya hayo, sahani ile inatuletea sauti iliyokubaliwa. Haituletei mkono uliouma, wala mara ambazo swichi iliteleza na wimbo ukaanzwa upya. Kumtaja Kipchamba kuwa ushahidi kwamba vyombo vyake vilimfaa ni kumchukulia kipaji chake na kumpa bidhaa.

Jirani zetu Waluo wana nyatiti, na inafaa kuitazama kwa makini. Mpigaji anavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, anagonga nayo ubao wa chombo huku vidole vya mikono viko kwenye nyuzi nane na mdomo unaimba. Njuga ziko mguuni. Kila sauti anayoihitaji iko pale mwili wake ulipo, na hakuna hata moja inayomlazimu kuacha nyingine. Huo ndio muziki uliozaa benga. Watu waliopanga chombo kwa uangalifu wa namna hiyo hawawezi kusingiziwa kwamba hawajali kitu kiko wapi.

La nne: kwamba kurekebisha ni kuharibu

Hapa wanasema jambo moja la kweli: gitaa likitobolewa vibaya halirudi. Nimeona mbao zilizopasuliwa na keekee. Nimeona pia swichi iliyohamishiwa mbali kwa waya usiokingwa, gitaa likaanza kunguruma kila jenereta lilipowashwa. Les Paul yenyewe, ili swichi ikae begani, hulazimika kupitisha waya mrefu ndani ya mwili, na waya huo lazima ukingwe. Kila badiliko lina gharama yake, na fundi asiyekwambia gharama hiyo mkimbie.

Lakini marekebisho mengi tunayoyahitaji hayatoboi kitu. Kwenye gitaa la umbo la Stratocaster matundu matatu ya nobu yapo tayari. Volyumu inahamia tundu la pili, toni moja kwa pikapu zote inakwenda la tatu, na tundu la kwanza, lile la karibu na kidole, linabaki tupu. Kwenye Telecaster bamba la chuma lenye swichi na nobu linashikwa na skrubu mbili: unaligeuza, nobu zinakuja mbele na swichi inakwenda nyuma, kisha mpigaji anaamua lipi linamfaa. Kwenye gitaa la nobu nne, kubadilishanisha waya mbili kwenye kila volyumu kunaziachanisha pikapu, moja ikifungwa nyingine inaendelea kulia. Ubaya wake ni kwamba ukipunguza, ukali hupungua mapema zaidi. Kwa upungufu kama huo kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.001 juu ya volyumu huusaidia ukali ubaki.

Hizo ni kazi za fundi yeyote wa redio anayejua kulehemu. Na kuhusu bei kushuka, magitaa yetu mengi ni ya kuiga na yalinunuliwa mkono wa pili au wa tatu. Tunalinda bei ya kuuza ya chombo ambacho hatukusudii kukiuza, na huku tunapoteza thamani yake kila Jumamosi tunapokitumia.

Kuna gharama moja haihesabiwi na mtu. Wasichana wetu wanaoanza kupiga gitaa kanisani mara nyingi wana viganja vidogo kuliko vya wanaume waliojaribu magitaa hayo Fullerton. Kwao swichi iko mbali zaidi na volyumu iko njiani zaidi. Wakishindwa tunawaambia gitaa ni vidole, na wanarudi kwenye kwaya. Nimewashuhudia watatu wakiondoka hivyo.

Basi mpigaji wa Sigowet, wa Soin, wa Bureti na wa Bomet, kabla ya shughuli yako ijayo fanya hivi. Simama na mkanda begani, kama unavyosimama jukwaani, maana ukiwa umeketi mkono hukaa kwingine. Paka chaki nyeupe juu ya nobu na swichi. Funga macho, upige wimbo wako mgumu kuliko yote hadi mwisho, na kilele chake ukirudie mara mbili. Kisha uangalie kiganja. Chaki ikiwa imekushika, mpelekee fundi gitaa Jumatatu, na uende na kiganja hicho ukamwonyeshe.